Mshauri, Mwelekezi, Msindikizaji

"Ukishawashauri, halafu?"

Bibi yangu aliniuliza hivyo nyumbani kwake Nduruma, mwaka niliopata kazi katika kampuni ya ushauri wa teknolojia mjini Arusha. Nilikuwa nimemweleza kwamba tunakwenda kwenye ofisi za watu, tunatazama kazi zao, kisha tunawaambia mfumo gani wa kompyuta utawafaa. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nalitafuta ndani ya neno lenyewe.

Shauri limetoka Kiarabu, na asili yake ni kutakana rai. Kiswahili kimelitanua: likawa jambo, likawa kesi mahakamani, likazaa halmashauri. Mitaani likapata na ukali. Sarufi inataka "shauri lako", lakini aliyekuonya usiguse waya wa umeme nawe ukakaidi, atakwambia "shauri yako!" aende zake. Ameshasema. Litakalokupata ni lako.

Ubaya wa kazi yetu umo humo. Lugha ya zabuni inatuita washauri waelekezi, na kila kazi ina hadidu za rejea, yaani mipaka yake, pamoja na siku zilizohesabiwa. Naipenda istilahi hiyo, na inaniuma, kwa kuwa imebeba neno "rejea" nasi huwa haturejei. Kuna jumuiya ya watumia maji tuliyoifungia mfumo wa ankara. Siku zikaisha, tukakabidhi ripoti nene, tukaondoka. Miezi michache baadaye karani alikuwa amerudia daftari lake. Hakuna aliyevunja mkataba. Matengenezo hayakuwamo kwenye hadidu.

Mazuri yapo, wala si madogo. Kazi hii imeniingiza kwenye stoo ya hospitali, chumba cha baridi cha shamba la maua na dirisha la SACCOS, sehemu ambazo mwajiriwa wa ofisi moja hazioni kwa miaka. Imenifundisha pia kuuliza kabla ya kusema, na hiyo ndiyo maana ya kwanza ya shauri.

Tena ushauri unaofanywa pamoja na wenyeji huacha kitu. Mwaka 2004, katika mradi wa KiLinux, kampuni ya ushauri ya Uswidi ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, likatoka toleo la Kiswahili la programu ya OpenOffice lililoitwa Jambo. Kazi ya namna hiyo haiendi bila watu kuketi na istilahi, neno baada ya neno: hili tulikope, hili tulitohoe, hili tunalo tayari. Mshauri akiondoka, maneno hubaki na wenye lugha.

Bibi hana mazoea ya kuelekeza kwa kidole. Ukimwuliza njia ya kwenda kwenye banio la mfereji, huweka jembe chini, akatembea nawe mpaka kwenye kona ambako utausikia mto mwenyewe. Kuelekeza ni kwa mkono, kusindikiza ni kwa miguu.

Wiki hii naandika pendekezo la kazi nyingine. Baada ya mstari wa makabidhiano nimeongeza miezi sita, na kichwa cha kipengele nimekiandika "Usindikizaji". Mteja bado hajajibu.