Ijumaa ya Ujiji

Nenda Ujiji kwenye mnara wa kumbukumbu, utakuta jiwe linasema Stanley alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Jiwe halina wasiwasi. Lakini shajara ya Livingstone inaiweka siku hiyohiyo kati ya tarehe 24 na 28 Oktoba. Watu wawili wanasalimiana, na baina yao pana wiki mbili hivi!

Kitabuni mwake Stanley aliandika kuwa ilikuwa Ijumaa, siku ya 236 tangu Bagamoyo. Hebu tumkague, msomaji. Yeye mwenyewe anasema aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi. Iambie kompyuta itoe tarehe ya mwanzo katika tarehe ya mwisho: inajibu 234. Ukiihesabu na ile siku ya kuondoka, 235. Hiyo 236 ni yake na daftari lake. Ijumaa je? Kompyuta inakubali, 10 Novemba 1871 ilikuwa Ijumaa kweli. Ila ushahidi huo ni mwepesi. Siku ya wiki inazaliwa na tarehe; ukipotea wiki nzima barabara, Ijumaa yako inabaki Ijumaa, na wala hushtuki.

Livingstone naye alikuwa ametoka Manyema, mgonjwa, tarehe zimemponyoka huko njiani. Kilichomzindua ni mwezi. Alichukua mwandamo wa Ramadhani ya Novemba ile, akaulinganisha na almanaka ya mabaharia, akaona hesabu yake imekimbia mbele siku 21. Wafanyabiashara wa pwani waliokaa Ujiji wao walitazama tu juu.

Tusimcheke mgeni lakini, maana na sisi tuna mambo yetu. Jumamosi ni mosi, kwa kuwa wiki yetu inaanza Ijumaa ikishapita. Tunakwenda hivyo mpaka Jumatano, ya tano. Kesho yake? Alhamisi, neno la Kiarabu, na maana yake ni ileile: ya tano! Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Basi wiki ya Mswahili ina tano mbili, na sita haimo.

Na hifadhidata za kompyuta nazo hazijaelewana. MySQL, ukitumia hesabu yake ya DAYOFWEEK, inaipa Jumapili namba 1. PostgreSQL, kwa hesabu yake ya dow, inaipa 0. Kiwango cha kimataifa kinaanza na Jumatatu, ndiyo 1. Sasa fikiria zile enzi meli ya Liemba iking'oa nanga Kigoma Jumatano, na karani mmoja, kijana msomi, aagizwe kutoa orodha ya safari kutoka MySQL. Jumatano si tano? Anaandika 5. Kompyuta inamletea Alhamisi bila hata kukohoa, na abiria wa Kasanga wanafika gatini na mizigo yao, meli imeshaondoka jana.