Kijiko cha chai, drakma na dirhamu

Sisi tunaoishi Al-Hamra, Jeddah, jikoni kwetu vipimo vya mataifa hukutana. Kitabu cha mapishi kimetoka Uingereza, chupa ya dawa ya kikohozi imeandikwa kwa Kiarabu, na shangazi yuko kwenye simu kutoka Unguja akisema, "Tia kijiko kimoja cha iliki, mwanangu." Kijiko kipi? Hatuulizi.

Wazee wetu walikuwa na kibaba, kisaga na pishi. Pishi ni vibaba 4, kama vile saa ya Waarabu ilivyo mudi 4. Kilichopungua hapo kilipimwa kwa ukufi wa mkono au ncha za vidole. Kahawa chungu ya barazani haihitaji kijiko, wala ya Kisaudi haikihitaji. Kijiko kidogo kilikuja na chai ya sukari.

Uingereza, chai ilipokuwa bado ghali, vikombe vilikuwa vidogo na vijiko vyake vilevile. Wauza dawa wakakichukua kijiko cha chai kuwa sawa na drakma moja ya maji, yaani mililita 3.55 hivi. Drakma ni neno la Kiyunani, na ndilo lililozaa dirhamu, uzito ambao matabibu wa Kiarabu walipimia dawa karne nyingi kabla ya hapo. Kumbe jamaa ni wamoja! Kufikia miaka ya 1730 chai ilishuka bei, vikombe na vijiko vya mezani vikakua, lakini wauza dawa wakabaki na drakma yao ileile. Tangu hapo mpishi na mtoa dawa wakitaja kijiko hawasemi kitu kimoja.

Mwaka 1896 Fannie Farmer wa Boston alichapisha kitabu cha mapishi kilichosisitiza kijiko kisawazishwe juu kwa kisu. Kwa jicho la mhandisi, hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kubuni kijiko chenyewe. Leo kijiko cha kipimo ni mililita 5. Cha Wamarekani ni 4.93, tofauti isiyoharibu keki.

Hatari iko kwenye droo. Utafiti wa Ugiriki uliotolewa mwaka 2010 ulikuta vijiko vya chai vya majumbani vikibeba kuanzia mililita 2.5 hadi 7.3. Sisi tulipima vitatu vyetu kwa bomba la sindano lisilo na sindano: 4, 5 na 6. Mtoto akipewa dawa ya homa kwa hicho cha tatu, kila dozi imezidi kwa sehemu moja ya tano. Ndiyo maana mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitaka dawa za maji ziandikwe kwa mililita tu.

Maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha, pale pakiti za dukani zinapokosekana, ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Chumvi ikirundikwa, maji hayo humdhuru mtoto. Kisu cha kusawazishia kiwekwe karibu na kopo la chumvi.