Mbu Juu ya Jahazi

Mwaka 1974 mwanafizikia wa Marekani, Daniel Freedman, alichapisha makala yenye wazo zuri, na ndani yake akakiri kwamba huenda kulipendekeza ni kiburi.

Nyutrino hupita ndani ya kila kitu, mwili wako ukiwemo, karibu bila kugusa chochote. Lakini nyutrino yenye nishati ndogo, alisema Freedman, haigongi protoni au nyutroni mojamoja. Hukigonga kiini chote cha atomu kama kitu kimoja. Hapo uwezekano wa kugongana hupanda takriban kwa mraba wa idadi ya nyutroni. Kiini cha sisiamu kina nyutroni 78. Zidisha 78 kwa 78 uone.

Sasa kama ni rahisi hivyo, mbona haikuonekana? Mbu akitua juu ya jahazi, jahazi husukumika kweli, ila nani atapima? Msukumo mdogo wa kiini ndiyo alama pekee inayobaki. Wawindaji wengine wa nyutrino walijenga matangi. Super-Kamiokande ya Japani hubeba tani 50,000 za maji. Hapa ukubwa haukusaidia. Kilichotakiwa ni utulivu.

Ulipatikana Oak Ridge, Tennessee, mji uliojengwa kwa siri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili kurutubisha urani ya bomu la Hiroshima. (Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Siwezi kuutaja mji huu nikaliruka hilo.) Siku hizi kuna mashine pale inayoipiga zebaki kwa protoni mara 60 kila sekunde ili kupata nyutroni. Nyutrino hutoka pamoja nazo kama makapi. Katika ujia wa chini ya jengo, nyuma ya zege na kokoto zinazozuia nyutroni, watafiti wa kundi la COHERENT waliweka fuwele ya kilo 14.6, ya sisiamu na iodini. Mtu mmoja angeweza kuibeba. Kwa kuwa walijua kila pigo la mashine linatokea lini, kelele nyingi zilizoingia nje ya wakati huo walizitupa.

Waliisikiliza fuwele kwa zaidi ya siku 300. Agosti 2017 wakatangaza: mitikisiko 134 hivi, chini ya mmoja kwa siku mbili.

Ilikuwa imepita miaka 43. Freedman, ambaye katikati ya hapo alijipatia jina kwa nadharia nyingine kabisa ya mvutano, alikuwa bado hai.