Debian Yaacha Kuhudumia Kompyuta za Biti 32: Yanayopaswa Kufahamika Ikungi

Shule, zahanati au ofisi ya kijiji wilayani Ikungi, mkoani Singida, yenye kompyuta ya zamani inayotumia Debian, mfumo endeshi wa programu huria usiolipiwa, haina budi kutambua aina ya kichakataji chake kabla ya kuweka toleo jipya. Toleo la 13 la mfumo huo, lililotolewa Agosti 9, 2025, halina tena kiini wala programu ya usakinishaji kwa kompyuta za biti 32.

Debian ilianzishwa mwaka 1993 na hutunzwa na watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali. Kila aina ya kichakataji huhitaji watu wa kukiandalia kiini, kukijaribu na kuziba kasoro za usalama zinapogundulika. Watu hao wakipungua, programu hubaki kwenye orodha lakini hakuna anayeiangalia. Hali hiyo ni ya hatari kuliko kuiondoa waziwazi. Si mara ya kwanza kwa hatua ya namna hii kuchukuliwa. Desemba 2012 watunzaji wa kiini cha Linux waliondoa usaidizi wa kichakataji cha Intel 386, ingawa ni kwenye kompyuta ya aina hiyo ndipo Linus Torvalds alipoanza kuiandika Linux mwaka 1991.

Uamuzi huo hauzimi kompyuta yoyote. Toleo la 12 lingali linafanya kazi kwenye biti 32, na mpango wa matunzo ya muda mrefu wa toleo hilo umepangwa kufikia Juni 30, 2028. Baada ya hapo mashine itawaka kama kawaida, ila kasoro mpya za usalama hazitazibwa. Kwa kompyuta iliyounganishwa na intaneti na kuhifadhi majina ya wanafunzi au wagonjwa, tofauti hiyo si ndogo.

Linalosahaulika mara nyingi ni kwamba kompyuta nyingi zinazodhaniwa kuwa za biti 32 sizo. Mashine zenye Intel Core 2 Duo, zilizoanza kuuzwa mwaka 2006, zina uwezo wa biti 64, hata kama ziliwekewa mfumo wa biti 32 tangu mwanzo. Amri ya «lscpu» huonyesha ukweli: mstari wa «CPU op-mode(s)» ukitaja 64-bit, kompyuta haina sababu ya kutupwa. Hata hivyo, haifai kupandisha toleo juu ya mfumo uliopo. Nakala za mafaili huhifadhiwa kwanza mahali pengine, kisha mfumo wa biti 64 husakinishwa upya. Kompyuta ndogo za mwaka 2008 zenye Atom N270 hazina njia hiyo.

Mashine isiyoweza kuendelea, ikiwa ni mali ya umma, huondolewa kwa taratibu za uondoshaji wa mali za Serikali, na Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri ndicho cha kuulizwa kwanza. Kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka za vifaa vya umeme na kielektroniki haziruhusu kuichanganya na takataka za kawaida, wala kuichoma shimoni. Taarifa za watu zilizomo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo diski hufutwa kikamilifu, au huharibiwa, kabla kompyuta haijatoka ofisini.