Mtandao Usio na Uzi: Habari za Visiwa vya Hawaii na Neno Letu Moja

Nimepata kusikia ikisemwa barazani kwamba neno mtandao lilikosewa lilipopewa kazi ya kutaja kompyuta zinazosemezana. Kwa kuwa, wasema wenye hoja hiyo, mtandao ni jambo la nyuzi, kama utando wa buibui, na leo habari nyingi hupita hewani pasipo uzi wowote. Mimi naona kinyume chake. Utando hutokana na kutanda; lakini mtandao watokana na kutandaa, yaani kuenea, kama vile mchezo utokavyo katika kucheza. Na Mswahili asemapo kwamba ukungu umetandaa bondeni, hakusudii kamba wala fundo. Akusudia kitu kilichowafunika wote mara moja, wa karibu na wa mbali. Ili ionekane jinsi neno hili linavyofaa, yanipasa nieleze habari za mtandao wa kompyuta uliotangulia kupeleka habari zake kwa vifurushi katika mawimbi ya redio.

Mtandao huo ulijengwa katika visiwa vya Hawaii. Mwaka 1968 Norman Abramson, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Hawaii, pamoja na wenzake akina Frank Kuo, walianza kutafuta njia ya kuwafikishia watu wa mbali kompyuta kubwa iliyokuwa katika bonde la Manoa, mjini Honolulu. Chuo kilikuwa na matawi kisiwani Oahu na katika visiwa vingine. Simu zilikuwako, lakini zilikuwa ghali na hazikuaminika kwa kazi ile. Tena ilikuwako taabu nyingine. Atumiaye kompyuta kwa mbali huandika mstari mmoja, kisha hukaa akifikiri. Nayo simu huhesabu gharama muda wote, awe anaandika au anajikuna kichwa. Kumpa kila mtu masafa yake ya redio kungekuwa na kasoro ile ile, maana masafa hayo yangelala bure sehemu kubwa ya siku.

Basi waliamua wote watumie masafa mamoja. Vituo havikuhama; kila kimoja kilikuwa na antena yake, kikapeleka maneno Manoa kwa megahezi 407.35 na kusikiliza majibu kwa megahezi 413.475. Kifurushi kimoja kilibeba herufi zisizozidi 80. Pamoja na anwani na alama za kukagulia makosa kilifika biti 704, na kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde kilimaliza safari yake ya hewani kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kupita. Mtandao ulianza kazi mwezi wa Juni 1971.

Lakini je, nani aseme kwanza? Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Tuwaze baraza ambamo wasemaji hawasikiani wao kwa wao. Kila mmoja amsikia mzee wa baraza tu, na mzee awasikia wote. Hapana zamu wala mnadi. Mwenye neno hulisema mara limjiapo. Mzee akilipata sawasawa, hujibu kwamba amelipata. Wawili wakisema pamoja, maneno yao hugongana na kuharibika yote mawili, naye mzee hukaa kimya. Kimya hicho ndicho habari: kila mmoja atambua kwamba hakusikiwa, angojea kitambo, kisha arudia. Sharti ni moja, kwamba kitambo hicho kitokane na bahati nasibu. Wangengojea sawasawa wangegongana tena na tena hata jua lichwe.

Utaratibu huo una hasara, nayo ilijulikana tangu mwanzo. Hesabu yaonyesha kwamba kazi yenye manufaa haiwezi kupita kiasi cha asilimia 18 ya uwezo wa njia; mengine ni kimya na migongano. Mwaka 1972 Larry Roberts alishauri muda ugawanywe vipande vilivyo sawa, na kila kifurushi kianze mwanzoni mwa kipande tu; kiasi hicho kikaongezeka mara mbili. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba ushindi wa watu wa Hawaii haukuwa katika mitambo. Walikubali kupoteza sehemu kubwa ya hewa ili wasilazimike kumweka mlinzi wa zamu.

Majina nayo yana mvuto wake. Mradi uliitwa Aloha, neno la Kihawaii la maamkizi na mapenzi. Kompyuta ndogo iliyokaa Manoa kuwa mzee wa baraza iliitwa Menehune, jina la watu wafupi ambao katika hadithi za kule hujenga kuta na mabwawa ya samaki usiku, wasionekane. Jina hilo lilikuwa pia mzaha. Katika mtandao wa ARPANET wa Marekani mashine ya kazi kama hiyo iliitwa IMP, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya kishetani kidogo.

Kuungana na ARPANET kulikuja kwa ujanja. Abramson alisimulia kwamba siku moja Roberts alitoka kidogo ofisini mwake, naye akaandika jina la Aloha na tarehe 17 Desemba katika orodha ya ubaoni ya mahali pa kufungiwa mashine. Mafundi waliifuata orodha, na Desemba 1972 visiwa vikaungwa kwa setilaiti. Robert Metcalfe aliyasoma mahesabu ya Abramson, akayatengeneza zaidi, na mwaka 1973 akayatia katika waya. Ndiyo Ethernet, ambayo kwanza aliiita kwa jina la Aloha. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu masafa fulani yatumiwe pasipo leseni, na mwaka 1997 ukatoka mwongozo wa vifaa vya Wi-Fi. Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliviunganisha vifaa vya namna hiyo mlima kwa mlima nchini Venezuela, mwaka 2007, umbali wa kilomita 382. Kwetu, karibu na Nanyuki nchini Kenya, mwaka 2013 ulianza mtandao uliotumia masafa ya televisheni yaliyokuwa matupu, nao ukaitwa Mawingu. Waliouita hivyo waliijua Kiswahili chao: mawingu hutanda.

Fundi kijana alikuja kunifungia dishi nyumbani. Akakwea juu ya paa, akatazama upande wa mnara, akashuka. "Mwalimu," akasema, "hapa havionani." Kati ya dishi na mnara palisimama mwembe wa jirani, na majani mabichi yana maji, nayo maji hula mawimbi. Kuonana kwake ni istilahi kamili, isiyohitaji maelezo, nami nimeiandika katika daftari langu. Jirani amekubali kukata matawi mawili, ila baada ya kuvuna.