Sukari na pilipili: Maneno yenye asili ya Kisanskriti

MANENO sukari na pilipili, ambayo wengi huyahesabu kuwa ya Kiarabu, chimbuko lake ni Kisanskriti, lugha ya kale ya India.

Sukari lilianza kama “sharkara”, yaani changarawe, kwa kuwa chembe za sukari ya miwa zilifanana na vijiwe. Waajemi walilitamka “shakar”, Waarabu “sukkar”, ndipo likafika pwani ya Afrika Mashariki.

Pilipili linatokana na “pippali”, kiungo cha India cha jamii moja na pilipili manga. Pilipili kali tunayoila leo ni mmea mwingine, uliotoka Amerika baada ya mwaka 1492 na kupewa jina lililokuwapo.

Hivyo, anayetafuta asili ya neno asiishie kwenye lugha iliyotuletea, wala asidhani jina na kitu vilisafiri pamoja.