Njaa zenye majina na njaa isiyo na jina

Ukambani, nchini Kenya, njaa hupewa jina. Ile ya mwisho wa karne ya 19, iliyofagia kila kijiji, ni Ngomanisye. Ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndege zilipoleta chakula, ni Yua ya Ndeke. Ikafuata ya Atta, yaani unga wa msaada. Ya mwaka 1984 ni Nikw'a Ngwete: nafa huku nimeshika. Watu walishika pesa, ila sokoni hapakuwa na cha kununua.

Zombe, mashariki mwa mji wa Kitui, ni nchi ya majina hayo. Tegemeo ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Zikikosa, mahindi hukauka yangali machanga, akanusurika aliyepanda mtama, mawele, kunde na ndengu.

Kwa miongo mingi serikali ilipima njaa kwa magunia: mvua ikikosa, mahindi ya msaada yaletwe. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alitangaza maziwa ya bure shuleni. Kizazi kizima kinayakumbuka maziwa ya Nyayo, lakini yalimkuta mtoto darasani, ilhali udumavu huanzia tumboni mwa mama na kukita mizizi kabla ya miaka miwili. Mtoto aliyedumaa haonekani mgonjwa. Ni mfupi kuliko umri wake, na akili yake imepunjwa pamoja na kimo. Njaa hiyo hakuna aliyeipa jina.

Sheria ndiyo iliyoanza kuitambua. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kilimpa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya kudhibiti biashara ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Mwaka huohuo viwanda vikalazimishwa kuongeza vitamini na madini kwenye unga, ingawa anayesaga mahindi yake kwenye posho mill ya kijijini hakufikiwa. Watoto wanaonyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 waliongezeka kutoka asilimia 32 mwaka 2008-09 hadi 61 mwaka 2014.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulileta habari nzito kwa Kitui. Udumavu nchini ulikuwa asilimia 26. Kitui ulikuwa 46, karibu mtoto mmoja kati ya wawili. Ndipo kaunti hii ikawa ya kwanza kujaribiwa mpango wa NICHE, kwa msaada wa UNICEF na Umoja wa Ulaya. Familia maskini zenye mjamzito au mtoto wa chini ya miaka miwili ziliongezewa fedha kidogo, na pamoja nazo ushauri wa lishe kutoka kwa wahudumu wa afya wa kijijini. Baadaye mpango huo ulipelekwa Turkana, Marsabit, West Pokot na Kilifi. Nikw'a Ngwete ilikwisha kufundisha kwamba pesa peke yake haishibishi.

Kufikia 2022 udumavu nchini ulishuka hadi asilimia 18, na kaunti zilizoathirika zaidi zilikuwa Kilifi, West Pokot na Samburu.

Basi bajeti ya lishe isingoje ukame. Mtoto wa Zombe apimwe kimo hata mwaka ambao ghala limejaa, kwa kuwa njaa isiyo na jina haiji na msimu.